Matumbawe Mbele ya Kitanda

Daktari alipomwamuru mke wangu alale kitandani mpaka mimba ikomae, jambo la kwanza aliloomba ni bahari. Tulikuwa tumepoteza mimba nyingine kabla ya hiyo, na sikuwa na moyo wa kumnyima chochote. Yeye ni mzaliwa wa Likoni. Mimi ni wa Shinyalu, huku bara tunakoishi, na bahari naijua kwa zile safari chache za kwenda kwa wakwe.

"Si samaki nitakao," aliniambia. "Nataka matumbawe. Nilale nikiyatazama."

Nilinunua tangi la kioo, nikaliweka chumbani mbele ya kitanda. Nikakoroga chumvi ya bahari ya pakiti katika maji yaliyochujwa, nikawasha pampu na taa, kisha tukangoja majuma kadhaa maji yakae sawa. Nilipima chumvi, nikapima joto, nikarudia chumvi. Mke wangu akijigeuza, nilishtuka. Akitulia, nilishtuka zaidi.

Matumbawe niliyaagiza kwa mama mmoja wa Mombasa anayeyakuza kwa kibali katika matangi yake. Nilikuwa nimependa picha ya tumbawe gumu lenye matawi ya zambarau. Alicheka kwenye simu.

"Hilo liache, kaka. Maji yakibadilika kidogo tu, limekufa. Anza na yale laini. Chukua lile linaloitwa la uyoga, uliweke chini kwenye kivuli. Chukua na la ngozi. Hayo humvumilia mtu anayejifunza."

"Nitajuaje kama yanakufa?"

"Yatanywea kwanza, na kunywea si kufa. Usiyaguseguse."

Yalifika kwa ndege hadi Kisumu, nami nikaenda kuyachukua. La uyoga lilifunguka upesi. La ngozi lilijikunja, likafunikwa na utando kama nta, likabaki hivyo. Kila asubuhi nililitazama kwanza, kisha ndipo nilipomuuliza mke wangu ameamkaje. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba likifa, na sisi tutapoteza tena. Sikumwambia mtu.

Mama yangu alikuja kutusaidia, akaleta na kuku. Akainama mbele ya kioo.

"Hii ni jiwe ama ni mnyama?"

"Ni mnyama, mama," mke wangu akajibu.

"Na inakulanga nini?"

"Hasa mwanga."

"Basi wewe utakula obusuma," mama akasema, akaelekea jikoni kusonga ugali.

Alasiri moja mvua ilikuja na ngurumo kama kawaida yetu, na stima ikapotea. Pampu ikanyamaza. Nilichukua jagi, nikawa nachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa. Mkono ulipoanza kuniuma, mke wangu aliketi.

"Nipe nikupokee."

"Lala!" Nilimfokea. Sijawahi kumfokea vile.

Akaanza kulia. "Silii kwa sababu yako," akasema. "Tumbo lanikata tangu mchana. Niliogopa kukwambia."

Jagi lilinitoka mkononi. Mama aliingia mbio, akaliokota sakafuni bila kuuliza. "Nendeni," akasema. "Mimi nitamwaga."

Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake, mvua ikipiga kioo hata njia haionekani. Mke wangu alinishika kifundo cha mkono njia nzima. Binti yetu alizaliwa kabla ya usiku kuingia, mdogo mno, akachukuliwa moja kwa moja kwenye kisanduku cha joto cha watoto njiti. Nilipomuuliza muuguzi kama ataishi, alisema, "Tunangoja, baba."

Mama akapiga simu. "Stima imerudi. Lakini ile kitu yako imetoka ngozi kama nyoka."

Nilijua limekufa. Nikampigia yule mama wa Mombasa, nikamwambia habari ya ile ngozi.

"Limejivua tu," akasema. "Ndivyo lilivyo. Sasa litafunguka. Mbona walia, kaka?"

Nilimweleza habari ya mtoto. Akamwombea palepale kwenye simu.

Binti yetu alikaa hospitalini mpaka akaongeza uzito. Siku tuliyomleta nyumbani, tumbawe la ngozi lilikuwa limefunguka lote, likicheza na mkondo wa pampu. Mke wangu hakuligeukia. Aliketi kitandani akimnyonyesha, nami nikasimama mlangoni nikitazama kifua cha mtoto kikipanda na kushuka, nikiogopa hata kuketi.