Mzee wa Tura Niliyemtunga

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata sasa, juani, mikono yangu hupoa. Nimefundisha uraia hapa Tabora mpaka nikastaafu, na sikuwahi kuwasimulia wanafunzi wangu, maana mwalimu hapendi kuonekana mwongo mbele ya wale aliowaadhibu kwa uongo. Lakini wewe unakwenda chuo kikuu mwezi ujao, tena unakwenda kusoma siasa kama mimi. Na juzi nilikusikia hapo uani ukimwambia mwenzio kwamba siku hizi simu inakutungia kazi nzima ya chuo, na majina ya wazee eti uliowahoji ikakutilia. Mlicheka sana. Mimi sikucheka. Basi kaa, karanga hizo hapo, unisikilize mpaka mwisho.

Wakati wetu somo la Utangulizi wa Siasa lilikuwa na watu wengi kuliko viti. Tulikaa madirishani, wengine sakafuni. Muhula wa kwanza tulifundishwa na profesa mmoja mpole aliyesoma kutoka kwenye karatasi zilizogeuka rangi ya chai, nasi tukasinzia kwa heshima. Muhula wa pili akaja mwingine, mrefu, mkavu, asiyeshika karatasi yoyote. Ukijibu swali, hata ukijibu vizuri, anakutazama na kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Tukambandika jina, Bwana Ushahidi. Tulimcheka nyuma yake na kumwogopa mbele yake, kama ilivyo kawaida ya vijana.

Likizo ilipokaribia, akatupa kazi. Kila mmoja arudi kwao, atafute mzee mmoja, amuulize mambo mawili: nani anakutawala, na kwa nini unamtii? Mimi alinichagulia mahali. Alipojua natoka Tabora akasema, "Wewe nenda Tura. Misafara ya zamani ikitoka pwani, ikishavuka pori la Mgunda Mkali, Tura ndipo ilipopumzika. Wazee wa njia ile wamewaona watawala wa kila rangi." Nikaitikia, "Sawa, Profesa."

Sikwenda. Nilifika nyumbani Cheyo nikakuta binti wa mama mdogo anaolewa, na harusi ya Tabora mjini unaijua mwenyewe, ukishaingia jikoni kukaanga maandazi hutoki mpaka bibi harusi apelekwe kwa mumewe. Kisha, nikwambie kweli, nilikuwa na kiburi cha watu wa mjini. Nilijiambia, mzee wa shamba ni mzee wa shamba, nani hajui atakavyosema? Siku mbili kabla ya kurudi chuoni nikaketi na kalamu, nikamtunga.

Nikamwita Mzee Mihambo. Nikamkata kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Nikamvisha koti zito la relwe, lile la watumishi wa reli, halivui hata jua likiwaka. Nikamkalisha kwenye kigoda nje ya nyumba yake, ameupa mgongo reli. Nikamwekea maneno kinywani: "Anayenitawala ni yule anayeniuliza kabla ya kuniamuru." Tarehe ya mazungumzo nikaandika Jumamosi ya pili ya likizo. Yalinitoka haraka, mwanangu, haraka mno, kama mtu anayenakili. Wakati ule nilijisifu kwamba nina kipaji.

Bwana Ushahidi aliisoma kazi yangu mbele ya darasa zima. Kisha akaniita ofisini. Alikuwa anakuja huku kwa utafiti wake wa njia ya misafara, akasema chuo kimekubali kunilipia nauli. "Utanipeleka kwa Mzee Mihambo," akasema. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Profesa, samahani, sikwenda." Nilikuwa mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kufika chuo kikuu, na udanganyifu adhabu yake ilikuwa kufukuzwa. Nikaitikia tena, "Sawa, Profesa." Mficha uchi hazai, lakini nani anakumbuka methali akiwa na hofu? Nikajipangia kwamba tukifika tutaambiwa hakuna mtu wa jina hilo, nami nitasema labda amehama.

Treni ilichelewa kama ada yake, tukashuka Tura jua limeshapanda. Kulikuwa na mama anauza viazi vitamu vya kuchemsha. Nikapiga goti, nikamwamkia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka," naye akaitikia. Profesa akamuuliza, "Mama, tunamtafuta Mzee Mihambo."

Yule mama akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Yupi? Yule wa koti?"

Mihambo ni jina la watu wengi huku kwetu, nikajipa moyo, na makoti yapo mengi. Mama akaendelea, "Yule asiye na kidole? Nyumba ile pale. Ila mmechelewa, wanangu. Mzee alishafariki. Leo ndugu wamekaa kikao cha mirathi."

Profesa akanishika bega kunipa pole. Alidhani nimeguswa na msiba.

Tukaenda. Palikuwa na watu kama ishirini, wamekaa kwenye mikeka na viti, na hapakuwa na sauti, hata mbwa waliokuwa wamelala kivulini hawakubweka. Nje ya mlango kilikuwapo kigoda kitupu. Kilikuwa kimeelekezwa ukutani, kimeupa mgongo reli. Kwenye msumari palitundikwa koti zito la relwe, limepauka mabegani. Nilitaka kukimbia, mwanangu, nakuapia, lakini miguu ilikwenda mbele yenyewe.

Profesa akatoa rambirambi zake, akaeleza kwamba binti huyu alizungumza na marehemu, na maneno yake ameyaandika. Akaomba ruhusa ayasome. Mjane, Bi Nyamizi, mama mwembamba aliyekaa peke yake kwenye mkeka, akafumba macho. Profesa akaanza, "Anayenitawala ni yule..." na kabla hajamaliza, yule mama akamalizia kwa sauti ndogo, macho bado kafumba, "...anayeniuliza kabla ya kuniamuru."

Watu wakaguna. Mwenyekiti wa kikao, mzee mwenye kanzu, akauliza tulizungumza naye lini. Profesa akasoma tarehe. Yule mzee akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akasema polepole, "Siku hiyo Mihambo alikuwa ameshazikwa. Hata matanga tulikuwa tumeshaanua."

Profesa akageuka kunitazama. Nilijua anachotaka kuniuliza. Lakini wale watu hawakunitazama kama mwongo, na afadhali wangenitazama hivyo. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akamfunika mtoto wake uso kwa kanga. Waliokuwa kwenye mkeka wangu wakasogea, nikabaki peke yangu katikati. Mtu akaniletea maji kwenye kata, akanipa kwa mikono miwili, bila kunigusa. Mimi, msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hata kula chakula cha bweni nilikuwa napanga foleni nyuma, nikaona wazee wenye mvi wamenyamaza wananingoja niseme.

Ndipo nikaelewa kikao kile kilikuwa cha nini. Mdogo wake marehemu, Bwana Nkuba, alitaka nyumba na shamba virudi kwa ndugu, kwa kuwa Bi Nyamizi hakuwa na mtoto aliye hai. Bi Nyamizi alisema nyumba ile waliijenga pamoja yeye na mumewe. Wazee walikuwa wamegawanyika tangu asubuhi.

Mwenyekiti akaniuliza, "Binti, huko ulikozungumza naye, alisema nini juu ya nyumba?"

Nikamtazama Bi Nyamizi, kisigino chake kilichopasuka, kanga yake iliyofuliwa mpaka ikakosa maua. Nikamwonea huruma. Nikasema, "Alisema nyumba ni ya mke wake."

Bwana Nkuba, pande la mtu, akainamisha kichwa. Hakubisha hata neno moja. Niliona jasho likimtoka, nikaona nimetenda wema, na ndani ya wema huo nikaonja kitu kitamu kilichonitisha zaidi ya koti lile. Nilipenda kusikilizwa.

Wazee wakapumzika wapate chakula. Bi Nyamizi akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, penye mafiga na majivu ya jana.

"Hukuzungumza naye," akasema.

Nikayatazama majivu.

"Aliyetumwa na marehemu hatazami watu. Wewe ulinitazama kwanza, ndipo ukajibu. Ulinihurumia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Sasa sikiliza, mwanangu. Leo umenipa nyumba kwa mdomo wa marehemu. Kesho shemeji yangu atakwenda kumtafuta mtu wake, naye aje na mdomo wa marehemu, aseme Mihambo amebadili mawazo. Nitamwambia nini? Nitasema maiti hasemi, na mimi nyumba nimeipata kwa maiti? Ninao majirani walioniona nikibeba udongo na maji ya kufyatulia tofali. Wako hai. Walikuwa wanangoja zamu yao ya kusema, wewe umewaziba midomo."

Nimesoma vitabu vingi vya siasa tangu siku hiyo, mwanangu. Sijakutana na somo la utawala lililonyooka kuliko lile la nyuma ya jiko. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi kwenye nyumba ya watu.

Kikao kiliporudi nikasimama. Nikasema sikuwahi kufika Tura kabla ya siku ile. Nikasema yule mzee nilimtunga Cheyo, nikiwa na unga wa maandazi kwenye kucha, na kwamba la nyumba pia nimelisema kwa kichwa changu. Profesa alikuwa ameshika karatasi zangu, na sikuthubutu kumtazama.

Kilichonishangaza ni kwamba nusu yao hawakuniamini. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Mizimu imemfunga mdomo." Bwana Nkuba ndiye aliyepumua. Akasema kwa nguvu, "Basi mnaona! Yote uongo!" Hapo Bi Nyamizi akainuka, akawaita majirani zake kwa majina, mmoja mmoja. Fundi aliyepaua nyumba ile akasema nani alimlipa na nani alimpikia. Bibi mmoja kizee akasema aliona nani alifyatua tofali. Ilichukua muda mrefu, wakagombana, wakanyamaza, wakagombana tena. Mwishowe nyumba ikabaki kwa mjane na shamba likagawanywa nusu kwa nusu, na Bwana Nkuba akaondoka bila kuaga.

Tulipata lori la mizigo linalokwenda Tabora. Wakati dereva anafunga turubai, Bi Nyamizi akaja barabarani na kifurushi cha viazi. Profesa alikuwa amesimama kando yangu, hajanisemesha tangu nikiri. Yule mama akanikabidhi kifurushi, akauliza kwa upole, kama anayeuliza habari za safari, "Huyo uliyemtunga, kwa nini ulimkalisha ameupa mgongo reli?"

Sikuwa nimeandika sababu. Sikuwa na sababu. Nikafumbua kinywa ili niseme sijui, na nikajisikia nikisema, "Hataki kuona dirisha lililompeleka mtoto."

Bi Nyamizi hakulia. Alishika ubao wa lori kwa mkono mmoja, akabaki hivyo. Baadaye nilikuja kujua kwamba mtoto wao wa pekee alipanda treni kwenda kutafuta kazi, akawapungia mkono dirishani, na hawakumwona tena. Siku ile sikujua. Hakuna aliyeniambia, na hata sasa sijui neno lile lilinitoka wapi.

Akanitazama usoni kwa muda mrefu sana. Akauliza, "Na hilo, binti, umelitunga pia?"

Mwanangu, sikuweza kumjibu. Ningesema ndiyo, ningeona namdanganya. Ningesema hapana, kwa mdomo gani? Mdomo uleule uliodanganya kikaoni? Mama wa watu alikuwa anahitaji jibu moja tu, ndiyo au hapana, juu ya mumewe na mwanawe, na mimi pekee ndiye niliyeweza kumpa. Nilikuwa nimeshaliharibu kabla sijalitamka. Tukapanda, lori likaondoka, naye akabaki pale barabarani akiningoja nijibu.

Profesa alinipa sifuri, nikalirudia somo mwaka uliofuata, na hakunipeleka kwenye kamati ya nidhamu. Njia nzima alisema neno moja tu. Alisema, "Leo sijui ushahidi uko wapi." Nilimwona ni mzee ghafla, amechoka, nikajuta kumcheka.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Huko uendako watakutaka useme kwa niaba ya watu: wakulima wanasema hivi, wazee wanasema vile. Ukiwa hukuwaendea, sema sikwenda, ule sifuri yako, urudi mwakani. Usimsemee mtu usiyemsikia, hata kwa wema, hata kwa huruma. Huruma ndiyo iliyonipeleka mbali kuliko uvivu. Watu wakinyamaza wakakungoja useme, ogopa, na utafute ni nani uliyemziba mdomo. Na ulitunze neno lako tangu ungali kijana, kwa sababu itakuja siku moja mtu atakuuliza jambo la kweli, jambo analolihitaji kuliko chakula, na hutakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa kuaminika kwako.

Nenda salama, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya elimu, akupe walimu wanaouliza na moyo wa kuwajibu. Akulinde na utamu wa kusikilizwa. Na siku utakapoulizwa kama nilivyoulizwa mimi, akujalie uweze kujibu, na aliyekuuliza alale usingizi.