Flashi iliishia kwa mama

Leo nimeharibu picha ya mwisho ya familia moja hapa Noonkopir.

Ni ibada ya mazishi, na kanisa lina giza. Mama amesimama nyuma ya jeneza la mzee wake. Vijana wake wawili hawasemezani, kila mmoja amejitenga upande wake.

"Sogeeni kwa mama," nikawaambia.

Wapi! Hakuna aliyesogea.

Basi nikaweka lenzi pana iwatoshe wote. Flashi nikasahau kuibadilisha, mwanga wake ulikuwa bado mwembamba, wa lenzi ndefu, unaofika katikati tu.

Nikapiga. Mama na jeneza wakang'aa. Vijana wakamezwa na giza.

Kurudia? Vijana walikuwa wameshatoka.

Mama akaiangalia picha kwenye kioo cha kamera.

"Wacha tu, mwanangu. Hata nyumbani nimebaki hivyo."

Wapiga picha, hii mngeifuta?