Tulipaswa Kuvuka Jumapili

Jumanne moja ya Novemba naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyovikwa joho la chuo kikuu. Nilisimama kando ya mto Kuja asubuhi na mapema, nyuma yangu watoto kumi na tisa wa darasa la nane, kila mmoja na penseli mbili na kifutio. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yamebeba mgomba mzima kama kijiti. Jana yake tulivuka hapo hapo na maji hayakupita magoti. Mtihani wa Hisabati ulikuwa unaanza saa mbili na nusu, ng'ambo. Na kosa lilikuwa langu.

Acha nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ya tisini, Migori ikiwa wilaya changa, na kila kijiji kilitaka shule yake. Akina baba walichoma matofali, akina mama walibeba maji ya kukandia udongo, na ofisi ya elimu yenye gari moja bovu haikuweza hata kuzifikia shule zote. Yetu, huko Nyatike, ilianza na chumba kimoja cha udongo. Nilipofika ilikuwa na madarasa yote manane, ingawa la kwanza lilisomea nje, ubao ukiwa umeegemezwa ukutani. Lakini watahiniwa wetu walikuwa wachache mno kupewa kituo chao cha mtihani. Waliufanyia katika shule kubwa ya ng'ambo ya mto.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nangoja kazi ya serikali, nikajitolea kufundisha Hisabati ili nisikae bure. Nilizaliwa Homa Bay mjini, ambako maji ni ziwa: unalala ukiliacha hapo, unaamka ukilikuta hapo. Na nilikuwa mtu wa kuuliza. Kwa nini wasichana ndio wafagie? Kwa nini mtoto achapwe kwa kuchelewa wakati anatoka mbali kuliko mwalimu? Mengine nilishinda, na mpaka leo sijutii.

Mwalimu mkuu wetu aliitwa Mwalimu Nashon, mzee wa hapo hapo, aliyesema polepole kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Alikuwa na desturi moja. Jumapili kabla ya mtihani, watahiniwa walivuka mto na blanketi na unga, wakalala katika madarasa ya shule ile mpaka mtihani uishe siku ya Alhamisi. Katika mkutano wa wazazi nilisimama.

"Mwalimu mkuu, kwa nini wasilale kwao?"

"Sisi huvuka Jumapili."

"Hilo najua. Nauliza kwa nini."

"Mto, mwalimu."

"Mto una nini? Wiki mbili hakujanyesha. Jana nimeona mbuzi akivuka!"

Wazazi wakacheka. Mwalimu Nashon akageuza uso upande wa mashariki, kwenye milima ya Kisii, akafungua mdomo. Sikumngoja. Nilieleza habari ya sakafu ya saruji, mbu, malaria, wasichana na wavulana kulala jengo moja, na unga ambao nyumba nyingi hazikuwa nao. Nilisema vizuri, mwanangu, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo. Alikuwepo mama mmoja tuliyemwita Min Akeyo, kwa kuwa ndiye mama yake Akeyo, binti aliyewashinda wote katika Hisabati. Aliinua mkono nusu, kisha akaushusha.

"Wewe umesoma, nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Sisi tutasema nini?"

Nilidhani ananiunga mkono. Mkutano ukaamua watoto wavuke kila siku. Jumatatu tukaenda ng'ambo kwa mazoezi ya mtihani, tukarudi salama, nami nikalala usingizi wa mshindi.

Basi tuko pale mtoni Jumanne, na mgomba unapita.

"Lakini mvua haijanyesha!" nikasema, kana kwamba mto ungeona aibu.

"Imenyesha Kisii, mwalimu," Akeyo akajibu. "Maji ya huku hutoka kule. Huo mgomba ni wa huko."

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua."

"Sasa mbona hamkusema?"

Akatazama vidole vyake vya miguu. "Ulikuwa unaongea, mwalimu."

Mwenye mtumbwi alikuwa ameshauvuta mbali na maji. Nilimsihi mpaka sauti ikakauka. "Dada, hata ukinipa ng'ombe," akasema. "Hawa watoto nawajua majina." Nyuma yangu mvulana mmoja mcheshi akauliza, "Mwalimu, hii ndiyo ile hesabu ya mwendo kasi?" Wenzake wakacheka kicheko kifupi, kisha msichana mmoja akaanza kulia, na hakuna aliyecheka tena. Saa yangu ilisema saa moja na dakika ishirini.

Mwalimu Nashon alikuwa nasi pale mtoni. Alipanda baiskeli yake akaenda. Nilidhani ameshindwa kunitazama. Baada ya muda ambao sikuweza kuupima tulisikia honi barabarani. Alikuwa amelisimamisha lori la Salim, mfanyabiashara aliyenunua omena, wale dagaa wa ziwani, huko Sori. Tulipofika, wawili hao walikuwa wakibishana.

"Mwalimu, nyuma ni magunia ya omena matupu!"

"Watakaa juu ya magunia."

"Watanuka!"

"Mtihani hauna pua, Salim. Fungua."

Salim akafungua. Tulizunguka kwa daraja, nalo lilikuwa mbali, na barabara ilikuwa mashimo. Tulipofika, msimamizi alitazama saa yake, akawatazama watoto waliojaa vumbi la samaki, akafungua mlango. Dakika hakuwaongeza hata moja. Karibu nusu ya muda ilikuwa imekwisha.

Tulikaa nje, mimi na Mwalimu Nashon, chini ya dirisha. Nilimwona Akeyo akiandika mbio, anafuta, anaandika, mkono wake mmoja umeshika kichwa. Nilitamani yule mzee anigombeze nipate kulia. Alichukua muda wake, kama kawaida.

"Swali lako lilikuwa zuri," akasema mwishowe. "Hata mimi nililipenda. Ila ulilijibu mwenyewe."

Akeyo alipita masomo mengine yote. Hisabati, somo lake, ndiyo iliyomwangusha, na shule ya wasichana aliyoiota ikawachukua wengine. Ilibidi arudie darasa la nane. Nilikwenda kwao kuomba msamaha. Mama yake alinipa kiti na uji, hakunilaumu, na sijawahi kunywa uji mgumu kumeza kama ule. Mwaka uliofuata tulivuka Jumapili. Mimi ndiye niliyebeba sufuria. Wiki hiyo nzima mto haukufurika hata kidogo. Kila asubuhi nilikwenda kuutazama ukiwa wa magotini, mbuzi wakivuka, wala sikuona kwamba tumepoteza chochote. Safari hiyo Akeyo aliitwa na shule ile aliyoiota.

Mwanangu, sikwambii uwatii wazee. Nimekuwa mzee sasa, najua tunavyoweza kukosea jambo lile lile miaka arobaini bila kupumzika. Uliza. Lakini ukishauliza, nyamaza mpaka jibu lifike, hata likija kwa mwendo wa Mwalimu Nashon. Kuna watu wanajua jambo kwa miguu yao na hawana maneno ya kulisimulia mkutanoni. Ukiwaharakisha, utabaki na maneno yako tu. Watu wakinyamaza mbele ya elimu yako, usihesabu kimya chao kuwa kura. Mtafute yule aliyeinua mkono nusu, mkae pembeni, umuulize alitaka kusema nini. Na ukitaka kuijaribu shaka yako, ijaribu kwa siku yako mwenyewe. Usiijaribu kwa siku moja tu aliyo nayo mtoto wa mtu.

Mungu akupe maswali mengi, na subira ya kuyasikiliza majibu. Akupe watu watakaokwambia ukweli hata ukiwa umesoma kuliko wao. Na maji yatakaposhuka kutoka mahali usipopaona, yakukute umeshavuka.