Mizizi ya mahindi, betri, na mimi mtu wa Tanga kugeuzwa mganga hapa Joburg

Wakuu, za Jumapili.

Sitii chumvi hapa. Asiyeamini aloweke mahindi yake ajaribu.

Nipo Bellevue, nyumba ya vyumba vingi. Binti yangu Salma kazaliwa huku huku. Kiswahili anasikia vizuri, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza. Inaniuma, basi tu.

Shuleni wakapewa project: je, mizizi inahisi umeme?

Tukaotesha mahindi kwenye glasi mbili za maji. Moja tukaizamishia waya za betri ndogo, huku na huku. Nyingine tukaiacha hivyo hivyo, ya kulinganishia.

Jirani yangu Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, ndiye anayekaa na Salma akitoka shule. Akaziona glasi dirishani, akauliza nafanya nini.

Nikajibu kwa raha zangu, "Nashughulika na mizizi, mama. Naitia umeme."

Mtu wa Tanga, wakuu! Sifa zetu mnazijua, na kumbe zimefika hadi saluni kwake.

Kesho yake akaja mlangoni. "Baba Salma, miye niko mutu wa kanisa. Mambo ya dawa naogopa. Mutoto asikuye tena kwangu."

Nilichoka. Bila yeye, Salma anabaki peke yake mpaka magharibi, na mji huu mnaujua.

Nikaeleza, nikaapa. Kila nikieleza nazidi kuonekana mganga.

Salma akatoka na glasi zote mbili. Kiingereza cha Mama Furaha ni cha kuulizia bei tu, kwa hiyo mtoto akaanza kuyatafuta maneno ya Kiswahili.

"Mama Furaha, hii si dawa. Ni ya shule. Mizizi... inasikia umeme. Inapinda. Angalia."

Kweli, mizizi isiyo na betri ilishuka wima. Ile nyingine ncha zilikuwa zimekunja kona.

Mama Furaha akainama. "Eish! Inaenda fasi gani?"

"Huku. Kwa plus."

Mimi mizizi hata sikuiangalia. Nilikuwa namsikiliza mwanangu, machozi yananilenga.

Jioni ile Salma alikula kwa Mama Furaha kama kawaida.

Funzo: ukitokea Tanga, tanguliza neno shule, mizizi ifuate.

La pili, mimi Kiingereza nakielewa, ndiyo maana hakuwahi kuona haja ya kunijibu kwa Kiswahili. Na bado hanijibu. Ila sasa najua anacho.

Wenye watoto waliozaliwa ugenini, kwenu ikoje? Na Watanga wenzangu, chekeni taratibu.