Musumari wa Lampi

Mama mukwe wangu alikataa hata musumari mu ukuta. Sisi wote tuliokimbia Kongo na mitumbwi tuliamini vile: nyumba ya Nchelenge, huku Zambia, haipambwi, sababu mwenye kupamba ameacha kungojea kurudi kwetu. Mizigo yake ilibaki imefungwa karibu na mulango tangu siku tulipofika. Mimi kuta zile tupu zilikuwa zinanimaliza.

Kule kwetu Pweto nilikuwa na lampi ya vioo, imening'inia katikati ya salo, chumba cha wageni. Hapa nikazunguka soko lote nikitafuta hata mutoto wake. Kila muuzaji alinitolea lampi ileile ya kuvulia chisense, wale samaki wadogo wa ziwa: mwanga mweupe, mukali, wa kuumiza macho.

"Munauzia samaki ao batu?" nikawafokea. Wakacheka. Nikalia palepale mbele yao, bila haya.

Mwishowe nikanunua hiyohiyo. Nikaitia ndani ya kitunga kizee cha samaki, chenye matundu kila upande, na nikapiga musumari juu, nikaitundika wakati mama mukwe alikuwa ku kanisa.

Aliporudi, giza lilikuwa linaingia, na kuta zimejaa madoa ya mwanga. Nilingojea matusi. Majibu yangu yalikuwa tayari.

Aliangalia juu, akapiga magoti na kufungua mizigo yake, kitenge kimoja kimoja. Mwisho kabisa akatoa kile alichokuwa anakitunza ili azikwe nacho Pweto, akaniomba musumari wa kukitundika.