Helmeti za Jumapili

Miaka ile ya ruksa, Makambako ilikuwa haikamatiki. Kila mtu alikuwa anafungua duka, na kila aliyefungua duka alitaka lijengwe kwa tofali za kuchoma. Mimi na kaka yangu tukasema, na sisi tukae pembeni tuna nini? Tukaanzisha kampuni ya ujenzi. Yeye akawa fundi mkuu, mimi dada yake nikawa mengine yote: mhasibu, dereva na mpiga kelele.

Tulichokitaka kuliko kitu chochote ni bweni la wasichana, Njombe mjini. Kazi ile ingetutoa kwenye vibanda vya soko na kutuingiza kwenye ukandarasi wa kweli. Lakini wafadhili wakasema bila cheti cha usalama kazini tusijisumbue. Mkaguzi angekuja kututazama tukijenga ghala la mahindi karibu na stesheni, ndipo aamue kama tunafaa.

Nikaagiza helmeti kwa mfanyabiashara mmoja ambaye lori lake lilikuwa haliishi safari za Dar. Zikaja za njano, zinang'aa mpaka unajiona. Jumamosi jioni nikawagawia mafundi, wakazipokea kwa mikono miwili kama wanaopewa mtoto. Moyoni nikasema, cheti hicho tayari.

Jumatatu mkaguzi akafika, mtu mzima mpole, amevaa koti zito maana baridi yetu alikuwa amesimuliwa. Akainua macho kwenye jukwaa la mbao walikosimama mafundi. Vichwa vitupu, vyote.

"Helmeti ziko wapi?" nikamuuliza kaka kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka barabarani.

"Nyumbani," akanijibu kwa upole. "Mdogo wangu, kitu kipya namna ile ukipake udongo? Jana tumezivaa kwenda kanisani. Mchungaji mwenyewe kazisifu."

Mimi jana yake nilikuwa msibani Ilembula, kwa hiyo sikuyaona: benchi zima la mafundi, kila mmoja kapakata helmeti yake wakati wa sala. Kwetu kitu kipya kina siku yake, na siku hiyo si Jumatatu. Mtu ananunua viatu, anavibeba mkononi njia nzima, anavivaa mlangoni pa kanisa. Na mimi nimezaliwa humo humo, nilitegemea nini? Nilikasirika huku kicheko kinanipalia.

Mkaguzi hakucheka. Alisema angerudi Alhamisi akitokea Njombe, na akikuta kichwa kimoja kitupu, basi bweni tusahau.

Nikawakusanya mafundi, nikawapa maneno ambayo mama hakunifundisha. Asiyevaa helmeti Alhamisi abaki kwao achunge ng'ombe. Wakaitikia kwamba wamesikia.

Walisikia kweli. Alhamisi asubuhi nikawakuta juu ya jukwaa, helmeti kichwani, na chini ya kila helmeti koti la suti na tai. Kaka alivaa lile alilofungia ndoa. Nikauliza, jamani, nini tena hiki? Wakanieleza kwamba helmeti ya Jumapili haiendi na suruali ya udongo, watu watawaonaje. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji nikacheka mpaka machozi, na mkaguzi akanikuta hapo hapo.

Aliwatazama, kisha akanigeukia. "Leo kuna harusi, mama?"

"Hapana, mzee. Kuna ukaguzi."

Akauma midomo, akamwita kaka ashuke, wakaanza kuuzunguka ukuta. Huko juu fundi mmoja aliyekuwa anaweka tai yake sawa akalisukuma tofali kwa kiwiko. Likashuka, likamkuta kaka utosini, ko, naye akakaa chini na suti yake ya ndoa.

Sijui nilifikaje pale. Nilimshika uso, nikamwita jina la utotoni, nikaanza kulia kabla sijajua kama yu mzima. Bweni lilikuwa limenitoka kabisa akilini. Kaka akavua helmeti polepole. Kichwa kizima, hata nundu hakina. Akaigeuza helmeti, akaona ufa, na macho yakamjaa machozi.

"Imepasuka," akasema.

Nilimpiga kwa kanga, nikamkumbatia, nikampiga tena. Mkaguzi alikuwa ameegemea ukuta, anacheka mpaka koti linatikisika. Alipopata pumzi akasema helmeti imefanya kazi yake na cheti tumepata, ila tufunge ubao wa kuzuia matofali pembeni mwa jukwaa, na tai ni marufuku huko juu. Akatia sahihi juu ya boneti ya gari lake. Kisha akamgeukia kaka, mkali kidogo: helmeti iliyokwisha kupigwa haivaliwi tena kazini, ni mwiko, atafutiwe nyingine.

Kaka akafikiri. Halafu uso ukamfunguka. "Kwa hiyo hii sasa ni ya Jumapili tu?"

Mkaguzi akakubali, maana kanisani hakudondoki tofali. Hakuona hatari ya jibu lake, lakini mimi niliiona. Juu ya jukwaa mafundi walikuwa wamesimama na suti zao, helmeti zao hazina hata mkwaruzo, na kila mmoja anayatazama matofali yaliyo juu yake kwa hamu.