Matrekta Matatu ya Ukoo wa Mligo

Germana alipoletwa kama bibi harusi nyumbani kwa akina Mligo, nje kidogo ya Makambako kwenye barabara ya Njombe, hakuonyeshwa kwanza kisima wala jiko. Baba mkwe wake, Mzee Danieli, alimpeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba kumtambulisha kwa trekta.

"Kamwene," Mzee alilisalimu kwa Kibena, akiligonga boneti kama mtu anayempiga rafiki begani. Kisha akamgeukia mkwewe. "Huyu ndiye Mzungu. Mkubwa wa nyumba."

Germana, binti wa Uwemba aliyelelewa vizuri na masista, nusura apige goti.

Trekta lilikuwa jekundu, na liliitwa Mzungu kwa sababu Mzee alilinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba la miti ya miwati aliyefunga virago muda mfupi baada ya uhuru. Mzee alisimulia kwamba mzungu yule alilia siku ya kuachana nalo. Miaka ilivyokwenda, Germana alikuja kuamini kwamba machozi yalikuwepo kweli, ila yalikuwa ya furaha.

Lakini tuseme ukweli, enzi za Mzee lililima. Lililima kwa akina Mligo na kwa majirani, na Jumapili lilipumzika kama Mlutheri yeyote mwenye adabu. Mzee alipofariki, watoto wengine waligawana ng'ombe. Lukas, mume wa Germana, akaachiwa Mzungu, na kwa muda mrefu aliwahurumia ndugu zake kwa kupunjwa.

Trekta la pili lilikuwa la bluu, nalo likaitwa Ushirika, kwa kuwa lilikuwa mali ya chama kimoja cha ushirika kilichokufa zamani. Lukas alilikuta porini, mti umeota ukapenya katikati ya usukani. Akaukata mti, akakodi ng'ombe wa kulima, wakalivuta trekta mpaka nyumbani, na watu njiani wakawa wanakohoa sana ili wasicheke. Nia yake ilikuwa kulifungua atoe vipuri vya Mzungu. Ikabainika kwamba hakuna hata boliti moja ya Ushirika iliyokubali kuingia kwa Mzungu. Mtu mwingine angeishia hapo. Lukas aliamua kutafuta la tatu, la kutoa vipuri vya Ushirika.

Hilo la tatu liliitwa Mahari. Binti yao Anneth alipoposwa na kijana wa Makete, wakwe walileta ng'ombe wanono, na Germana akaanza kuota maziwa ya asubuhi. Asubuhi moja Lukas aliwaswaga ng'ombe wale kuelekea Igwachanya. Jioni alirudi juu ya lori, amekalia lundo la chuma lililoliwa na kutu, uso umemng'aa kama mtu aliyebarikiwa.

"Mama Anneth, njoo uone! Giaboksi yake nzima kabisa!"

Germana alilizunguka lile lundo, akainama, akachungulia chini.

"Tunalikamua saa ngapi?" akauliza.

Lukas akayajengea matrekta yake banda la bati jipya. Jiko la Germana likabaki na nyasi zake, na mvua ikinyesha alipika huku amefunika sufuria kwa beseni. Alipolalamika, mumewe alimweleza kwa upole kwamba chuma kinaota kutu. Binadamu, inaonekana, haoti.

Sifa zikaenea. Wageni walikuja kupiga picha, hata kutoka Njombe mjini. Lukas aliwapokea akiwa amevaa koti la suti, akawasimulia historia tangu mzungu wa miwati, akawafutia vumbi mahali pa kuweka mkono. Kulima hakulima nayo. Mashamba ya akina Mligo yalilimwa kwa ng'ombe wa kukodi wa jirani yao Shadrack, na vipande vilivyobaki vililimwa kwa jembe la mkono, ambalo mwendeshaji wake alikuwa Germana.

Mara chache Mzungu aliwashwa ili, kwa maneno ya Lukas, damu izunguke. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo lilisukumwa kwenye mteremko. Lukas alikaa kwenye kiti, Germana akasukuma. Likishika, mumewe alitokomea na moshi wake bondeni, naye akabaki juu ameinama, mikono magotini, akitafuta pumzi. Kwa miaka yote ya ndoa yao, stata ya trekta lile ilikuwa ni yeye.

Sasa mwaka huu, mvua za kwanza zikiwa zinanukia, Lukas alijaribu kuinua giaboksi ya Mahari peke yake. Giaboksi haikuinuka. Kilichotoka ni ngiri. Akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akalazwa. Na Shadrack, ambaye miaka yote alikuwa mtu wa kuaminika, akagundua kwamba ng'ombe wake wana kazi nyingi kwa wenye mashamba makubwa.

"Vumilia kidogo tu, shemeji," alimwambia Germana. "Nikimaliza kwa hao wakubwa, nakuja kwako."

Mvua ilinyesha siku ya kwanza. Ikanyesha na ya pili. Majirani wakaanza kupanda. Germana akasimama mlangoni akilitazama shamba lake lililojaa majani, kisha akampigia mumewe simu.

"Baba Anneth, nataka nilime na Mzungu."

Upande wa pili akasikia mtu anacheka na kuugulia kwa wakati mmoja.

"Usinichekeshe, mama, nina mshono! Trekta lile haliendeshwi na mwanamke."

"Kusukumwa na mwanamke je?"

"Kusukuma ni kusukuma," alisema Lukas. "Kuendesha ni taaluma."

Germana akakata simu. Akaenda kuwaita wanawake wenzake wa usharika, wakaja wengi, nusu kwa kusaidia na nusu kwa kutokubali kusimuliwa. Akalitilia trekta dizeli ambayo mumewe aliitunza kwa ajili ya kufutia mashine. Akapanda. Gia alizijua, klachi aliijua, na mkono wa kushushia plau aliuona ukitumika tangu akiwa bibi harusi. Wanawake wakaanza wimbo, wakasukuma, Mzungu akapiga chafya, akatikisika, akashika.

Mwanzoni Germana aliogopa, akaung'ang'ania usukani. Kisha akashusha plau, akasikia kiti kikivutwa nyuma, akageuka. Udongo mwekundu ulikuwa unajipindua nyuma yake, mnene, unyevu, kama mkate unaokatwa. Eneo ambalo humchukua asubuhi nzima na mgongo wote alikuwa amelipita akiwa bado anaogopa. Akacheka kwa sauti, peke yake. Akageuka mwisho wa shamba, akarudi, akageuka tena. Alipanda nalo hata ile sehemu ya kilimani ambayo ng'ombe wa Shadrack walikuwa wanaigomea.

Shamba likaisha. Hapo ndipo Germana alipogundua kwamba kuna somo moja hakuwahi kulihudhuria. Kwa kuwa siku zote aliachwa juu ya mteremko anahema, hakuwahi kuona trekta lile linazimwaje.

Alivuta kila kilichovutika, na waya mmoja ukabaki mkononi. Mzungu alinguruma tu, akapita mpakani, akaingia kwenye shamba la Shadrack, plau ikiwa bado iko chini. Mwenyewe Shadrack akaja mbio.

"Shemeji! Mpigie simu Baba Anneth!" Germana akampigia kelele. "Muulize linazimwaje!"

Shadrack akapiga, akaweka sauti kubwa, akawa anakimbia kando ya tairi huku simu ameinyoosha juu.

"Linazimwaje?" sauti ya Lukas ilisikika ikikwaruza. "Nani kaliwasha? Sikilizeni, mwaka ambao baba alilinunua, yule mzungu alimwambia..."

"Baba Anneth, achana na mzungu!"

Lukas akaachana na mzungu na kuanza kueleza. Lakini wakati huohuo Shadrack alitazama nyuma, akaona sehemu ya shamba lake, ambalo hata yeye hakuwa amepata nafasi ya kulilima, imeshageuzwa vizuri. Akazima sauti kubwa, akaweka simu sikioni. Akasikiliza kwa makini sana. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasimama.

"Anasemaje?" Germana alipaza sauti.

"Mtandao, shemeji! Mtandao unasumbua! Zungusha tu, endelea!"

Mtandao ulitengemaa baada ya mfereji wa mwisho wa shamba la Shadrack.

"Tia gia kubwa, kanyaga breki, halafu uachie klachi!" Shadrack akapayuka. "Kumbe waya wa kuzimia ulikatika tangu enzi za Mzee!"

Germana akafanya hivyo. Mzungu akaruka kama mbuzi, akakohoa, akanyamaza. Wanawake wakapiga vigelegele. Germana alishuka, akamtazama Shadrack, na kumwambia kwamba kuanzia siku hiyo ng'ombe wake wanaweza kukaa kwa hao wakubwa daima.

Lukas alirudi akitembea kwa kujishika ubavu. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani, mkewe nyuma yake, akasimama akitazama mifereji iliyopinda kama njia ya panya.

"Imepinda," alisema.

"Imepinda."

"Ulitia gia ya ngapi?"

"Ya pili."

"Hata kule kilimani?"

"Hata kilimani."

Lukas akalisogeza bonge la udongo kwa ncha ya kiatu. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya kuwahutubia wageni.

"Niliogopa lingefia mikononi mwangu, Mama Anneth. Lilimlimia baba maisha yake yote. Ningemwambia nini?"

Germana alikuwa na majibu mengi, yote makali, aliyoyanoa kwa miaka chini ya paa la jiko linalovuja. Hakutoa hata moja. Alimshika mkono, wakarudi nyumbani taratibu kwa sababu ya mshono.

Msimu huo alilima mashamba ya nusu ya wanawake wa usharika. Jiko likapata bati, kutoka upande wa banda uliokuwa umemhifadhi Mahari, naye Mahari akabaki nje akinyeshewa, na hakuna aliyemlilia. Wageni wa picha bado wanakuja. Lukas huwapeleka hadi ukingoni mwa shamba, wakasubiri pamoja, koti lake la suti likiwa na tope kwenye pindo.

Juzi, wageni walipoondoka, alibaki. Germana alipofika na Mzungu karibu yake alipunguza mwendo.

"Mama Anneth," alisema Lukas, akijikuna shingo, "daktari ameniruhusu kukaa kwenye kiti. Naweza kuzungusha mara moja?"

Germana alimtazama, akatazama shamba.

"Subiri nimalize upande huu," akasema, akatia gia.